Ploti ya Mama Mkubwa Halimo

Jumatatu, 7 Machi 1983
Mama Mkubwa Halimo, aliyenilea tangu mama yangu afariki, amezidiwa. Hatoki kitandani. Ploti yake ya mtaa wa Bulla Pesa ina vyumba sita na hajaandika nani ataichukua. Binamu yangu Deqa anampikia uji na kumwosha. Ujanja mtupu. Mimi nimepita kwa mpiga taipu sokoni. Karatasi tayari: Halimo akifa, ploti ni yangu mimi, Samatar.

Jumanne, 8 Machi
Nimemwambia Mama Mkubwa karatasi hiyo ni fomu ya kuomba maji ya mfereji. Hajui kusoma. Akasema nina roho nzuri. Nikatazama ukuta. Shida moja: lazima atie kidole mbele ya wakili, na mashahidi wawili wasiorithi kitu. Nimepata Erot wa buchari na kinyozi Adano.

Jumatano, 9 Machi
Wakili Mutembei huja kutoka Meru kila Jumatano. Tulimpeleka mgonjwa kwa mkokoteni, Deqa akimshikia mwavuli. Wino nilibeba mwenyewe. Mutembei akasema kwanza ataisoma kwa sauti. Nikamwambia asijisumbue, mama amechoka. Akasoma. Yote.

Mama Mkubwa akanigeukia. Kisha akaniuliza, "Samatar, maji yako wapi hapo?"

Erot alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama Mkubwa akamwomba wakili aandike nyingine, kwa jina la Deqa. Akatia kidole. Mhuri ukagongwa. Mkokoteni nikasukuma mimi mpaka nyumbani.

Jumapili, 13 Machi
Mama Mkubwa amefariki alfajiri. Tumemzika kabla ya adhuhuri. Nilishuka kaburini kumpokea. Hakuwa na uzito wowote. Nililia kweli, hata mimi nikashangaa.

Baadaye Deqa akaniambia, bila hasira, kwamba Mama Mkubwa alikuwa amepanga kutugawia, vyumba vitatu kila mmoja. Alikuwa akingoja tu apate nguvu ya kufika kwa wakili.

Jumatatu, 14 Machi
Nimekaa na kosa langu siku nzima mpaka nimelijua. Mjomba Abdisalan wa Leparua ana ng'ombe wengi, hana mtoto, na macho yake yameisha. Safari hii natafuta wakili asiyesoma kwa sauti.