Ombi la Kuondolewa Basi Kijijini Semraha Kalan

Ndugu Afisa Usafirishaji wa Wilaya,

YAH: BASI JEKUNDU LICHUKULIWE

Kwa heshima zote, mimi Jagnarayan Mahto wa Semraha Kalan, hapa jimboni Bihar, nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu utakazoziona. Lile basi ulilotupatia mwaka huu, naomba ulichukue. Tunashukuru sana. Limetumaliza.

1. Kijiji chetu ni kikubwa, tumezidi watu elfu kumi na mbili, na karibu kila nyumba imeozesha binti mahali. Kwetu, aliyeoa nyumba moja ni mkwe wa kijiji kizima. Hapiti mlangoni bila kuitwa ndani, hapewi chai ya rangi, wala haulizwi anaondoka lini. Zamani ilibidi ashuke kituo cha reli na kutembea nusu siku kwenye tope, kwa hiyo alikuja harusini na msibani tu, nasi tukampenda mno. Sasa analetwa mpaka uani. Piga hesabu mwenyewe, Mheshimiwa, mimi imenitoa jasho.

2. Shemeji yangu Shivbachan, mume wa dada yangu Phulmati, alikuja kwa siku moja kabla ya sikukuu ya Holi. Ngano tumeshavuna, bado yupo. Analala kwenye kitanda changu cha kamba. Mimi nalala zizini na nyati wetu, ambaye ananitazama kama mgeni asiyejua kuaga.

3. Basi la kurudi huondoka saa kumi jioni. Ikikaribia, shemeji huanza kutafuta kandambili. Moja huonekana mapema. Ya pili huonekana basi likishapiga honi darajani. "Aa, limeondoka! Basi tena, shemeji, tufanyeje? Mwambie mama abandike chai, na vile vichapati vya puri vya jana vilikuwa vichache." Mama hukimbilia jikoni kwa furaha. Nikiguna, hunikemea kwa kunong'ona: "Koma! Mkwe huyo. Akiondoka na kinyongo, dada yako ataishije kule?" Hapo naenda kuchota maji ya chai, maana Phulmati nampenda kweli.

4. Kulipiza hatuwezi. Kwetu baba hanywi hata maji kwenye nyumba alikoozesha binti. Baba alikwenda kumwona Phulmati, akashinda na kiu kutwa nzima, akarudi kwa basi hilohilo amebanwa katikati ya wakwe wawili wapya.

5. Majuzi alishuka bwana mmoja mnene mwenye begi. Tukamvisha kilemba, tukamlisha haluwa, watu wakagombania kumnawisha miguu. Siku ya tatu ndipo tulipogundua kwamba hakuoa kwetu kabisa. Ni mkaguzi wako, Mheshimiwa, uliyemtuma kuhesabu abiria. Tulipomuuliza mbona hakusema, akajibu: "Mlivyonikaribisha vile, ningeanzia wapi?" Mpaka leo yupo. Ndiyo maana ripoti hujaiona.

Kwa hiyo naomba basi liondolewe. Ikishindikana, liwe linachukua watu tu, lisilete. Ikishindikana hata hilo, ling'oeni daraja. Na kama daraja ni mali ya serikali, basi kile kibao cha barabarani kifutwe jina letu, kiandikwe: KIJIJI KIMEHAMA. Nia yangu si kuuchukia ugeni, Mheshimiwa. Nataka kitanda changu.

Nisalimie mama watoto, makarani wako wote, na dereva wa basi. Anaendesha vizuri sana, kosa lake ni kufika.

Wako mtiifu, mwenye harufu ya zizi,

Jagnarayan Mahto

Tanbihi: Naomba basi lisiguswe mpaka kesho niwe nimeshapanda. Nakwenda ukweni kwangu, siku moja tu. Mke wangu ametangulia, na anasema maembe yameiva, mama mkwe anakaanga puri, na shemeji yangu mdogo ameshahamia zizini ili kitanda kiwe tayari. Kama ni lazima mwondoe kitu, ondoeni lile la jioni la kurudi, maana hata kandambili zangu siku hizi hazionekani kwa urahisi.