Laini Mbili na Mbuzi wa Mzee Kathuri

Jumatatu, 3 Machi
Mtandao umepotea tena, saa nne asubuhi. Oda hazikuingia, miraa ikanyauka kwenye pikapu. Mzee Bundi, mwenyekiti wetu wa wapakiaji hapa Laare, amesema ukipotea tena wiki hii, kazi yangu ya ufundi wa mtandao anampa Muchangi wa Embu. Muchangi! Ana cheti. Mimi nina video nilizotazama kwa simu.
Nimemwambia dawa ni laini mbili, za kampuni mbili. Moja ikikatika, ya pili inashika kazi yenyewe. Amekubali. Kagwiria, karani, ameuliza kama ile ya kwanza nimeiweza.

Jumanne, 4 Machi
Laini ya pili imefika. Nimeivuta kutoka barabarani hadi ofisini, juu ya ua wa jirani yetu, Mzee Kathuri, sambamba na ya kwanza. Waya mbili zikining'inia ovyo ni aibu. Nimezifunga pamoja kwa kamba ya mgomba, fundo kila hatua, kama kitita cha miraa ya daraja la kwanza. Wapakiaji walisimama kutazama. Mmoja aliuliza inaenda soko gani. Wivu.

Jumatano, 5 Machi
Jaribio mbele ya kamati. Nimechomoa laini ya kwanza. Taa yake ikazima. Kisha ya pili ikawaka kijani! Mzee Bundi amenipa mkono. Kagwiria amepiga makofi mawili, moja kwa kila laini.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tatu. Zote mbili zimezima kwa pamoja! Nikapigia kampuni zote mbili simu, kwa ukali. Kagwiria akaniita dirishani. Mbuzi wa Mzee Kathuri alikuwa anakula kamba ya mgomba, fundo baada ya fundo, na waya ndani yake kama mboga.
"Injinia," akasema, "hii ya pili uliweka ya ofisi ama ya mbuzi?"
Mzee Bundi hakucheka. Nina mpaka kesho saa nne. Muchangi ameshaitwa.

Jumamosi, 8 Machi
Saa tatu na nusu. Nimeunga zote mbili na kuongeza ya tatu. Oda zimeingia! Kazi ni yangu, mradi mtandao usipotee tena.
Kosa nimeliona. Mbili zilikuwa kitita chembamba. Sasa ni tatu, mafundo maradufu, mgomba mbichi. Mbuzi nimemfunga mwenyewe. Kamba ilikuwa imeisha, kwa hiyo nimetumia kipande kilichobaki cha laini ya tatu. Sijakikata, bado kimeungana na laini. Huwezi jua tutakihitaji lini.
Muchangi amefika. Ameangalia ua, kisha mbuzi. Nimemwambia arudi Embu, hapa hakuna kazi. Ameagiza chai, akaketi.
Sijui anangoja nini.