Vita vya Stamena na Mdomo wa Kosara

Sogeeni, enyi mliokula mkashiba, nanyi mliobembelezwa kula mkagoma. Tegeni masikio, enyi kina mama mliowahi kumfukuza mtoto uani, kijiko mkononi, mchuzi ukidondoka njia nzima. Siwaletei habari za wafalme waliogombea mipaka, wala za majeshi yaliyovuka mito kwa ngoma na bendera. Hayo ni madogo. Nawaletea vita vilivyopiganwa katika jiko la kijiji cha Donji Vrelac, chini ya milima ya kusini mwa Serbia, msimu wa kuiva pilipili hoho, baina ya Stamena binti Milutin, Mshika Mwiko, Mtikisa Masufuria, mwanamke ambaye mgeni hakutoka kwake akaweza kuinama kufunga kamba za viatu, na mjukuu wake Kosara, mwenye umri wa miaka mitano, aliyeufumba mdomo.

Na alipoufumba, aliufumba kweli. Supu ya kuku ilifika ikarudi. Mkate wa mahindi uliopakwa malai ya chumvi ulifika, ukatazamwa, ukarudi. Maharage hayakupewa hata heshima ya kutazamwa.

Ingekuwa ni njaa ya mtoto tu, Stamena angesubiri, maana njaa mwishowe hufungua kila mdomo. Lakini mkwewe Biserka, mama wa Kosara, alipomleta mtoto likizo kutoka Vienna, alisema pale mlangoni neno ambalo halikumtoka bibi moyoni: "Mama, mimi nakuachia. Ila nikimkuta amekonda, mwakani tunampeleka kambi ya watoto kule kule Austria. Usinichukie." Alilisema akitabasamu, lakini hukumu ni hukumu hata ikivaa tabasamu. Na sasa Biserka alikuwa anarudi Jumapili.

Hapa niseme bila mapambo. Stamena alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Mwanawe alikwishachukuliwa na ughaibuni, wajukuu wa majirani vilevile, na nyumba ilikuwa na sauti pale tu Kosara alipokuwemo. Kumkosa msimu mzima kwa sababu ya bakuli la supu lilikuwa jambo asiloweza hata kulifikiria.

Basi akavaa kitambaa cha kichwa kama avaaye kofia ya chuma, akaenda kwa jirani yake Radojka, Waziri wa Mitishamba, Hakimu wa Matumbo, ambaye alikuwa na dawa ya kila ugonjwa na ya mingine ambayo haijazuka.

"Shoga, mtoto hali," akasema.

"Hali kabisa?"

"Anakula hewa. Na hewa yenyewe anachagua."

Radojka akaweka chini kikombe cha kahawa, taratibu, kwa uzito wa jemadari aliyeletewa habari za mpakani. "Dirisha na mlango unavifungua pamoja?"

"Kuna joto, Radojka! Ni Agosti!"

"Ehe! Umemuua mtoto. Upepo wa kupita ndio uliomfunga tumbo. Nenda ukafunge kila kitu, halafu tutaongea."

Watu wa nchi ile hawamwogopi mbwa mwitu wala msimu wa theluji, lakini upepo unaoingia dirishani ukatokea mlangoni wanauogopa kuliko mauti. Madirisha yakafungwa. Nyufa zikazibwa kwa matambara. Babu Blagoje, mume wa Stamena, Sultani wa Kiti cha Mwisho wa Meza, mtu aliyeketi mahali pake tangu ndoa akisubiri kuletewa, akaanza kutoka jasho mpaka kwenye masharubu.

"Mwanamke," akasema, "utatuoka sisi kabla ya hizo hoho."

"Nyamaza, Blagoje. Tuko vitani."

"Na adui yuko wapi?"

"Yule pale, chini ya meza, anamlisha paka nyama yako."

Upepo ulipoonekana si mkosaji, Radojka alikuja na makaa ya moto akayazamisha katika bakuli la maji kutafuta jicho la husuda. Kaa moja likazama, ikabainika kwamba aliyemhusudu mtoto ni ndugu wa mbali, na Stamena akawachukia binamu zake wote jioni ile bila kubagua. Kikafuata kiazi chekundu kilichokunwa kikachanganywa na asali, ambacho Kosara alikipokea kwa furaha kubwa, akaenda kuupaka ukuta. Mtoto hakula hata chembe.

Ndipo Radojka akateremsha kutoka darini silaha aliyoiweka akiba kwa ajili ya siku mbaya: kichitsa, jani la mlimani lenye vimaua vya waridi na uchungu wa kumfanya mwenye deni asahau deni lake. Watu hulichemsha wakampa mtoto asiyekula kabla ya chakula, kikombe kidogo, na inasemekana hata jiwe likinywa litaomba mkate.

Bibi akalichemsha. Akasimama mbele ya mjukuu, kikombe mkononi, akahutubu:

"Kosara, ua la nyumba yangu! Bibi yangu mimi aliinywa hii akala mpaka akaolewa. Mama yangu aliinywa akazaa majitu. Kunywa nawe, mama, uwe na mashavu!"

"Onja wewe kwanza, bibi."

Stamena akapiga funda. Uso ukajikunja, akaunyoosha kwa nguvu zake zote. "Tamu!"

"Mbona macho yako yamegeuka?"

"Yamefurahi."

"Basi maliza wewe. Yafurahi zaidi."

Na kwa kuwa Stamena alikulia katika nyumba ambamo kumwaga kitu ni dhambi, alimaliza. Ikawa hivyo kila mlo: mtoto alidai aonjewe, bibi akaonja, mtoto akakataa, bibi akamaliza. Wala hakujua, maskini, kwamba dawa ilikuwa inafanya kazi yake barabara, ila katika tumbo lisilokusudiwa.

Lazima mjue jambo moja la desturi. Mama wa nyumba, kule, haketi watu wakila. Husimama kati ya jiko na meza, huongeza, huondoa, husukuma mkate, na mlo wake mwenyewe huwa ni gamba la mkate alilochovya sufuriani akiwa amewapa mgongo. Stamena hakuwahi kuonekana ameketi mezani tangu alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na kijiji kilimsifu kwa hilo. Kosara naye alipolishwa alisimamiwa hivyo hivyo: mikono kiunoni, macho yakikifuata kijiko kinapopaa, midomo ya bibi ikifunguka kabla ya yake.

Ikafika Jumamosi, mkesha wa kuja kwa Biserka. Hoho zilizojazwa wali na nyama zilikuwa zinachemka polepole katika rojo la nyanya, na nyumba iliyozibwa ilikuwa imejaa harufu ile mpaka kwenye mito ya vitanda. Stamena alikuwa amemaliza tena kikombe cha kichitsa cha Kosara. Blagoje alikuwa nje anaokota plamu. Ghafla bibi akashikwa na njaa, na haikuwa njaa ya kuchovya gamba. Akapakua hoho sahani tele, akavuta kiti, na kwa mchana mweupe, yeye Stamena binti Milutin, akaketi.

Akala. Alikula ameinamisha kichwa, akipuliza, akilamba vidole, na vita, mkwe, Austria na kambi yake vyote vikamtoka akilini.

"Bibi," ikasema sauti karibu na kiwiko chake. "Unafanya nini?"

"Nakula. Usinisumbue."

"Na mimi?"

"Hutaki wewe. Hii yangu."

Kisha mkono mdogo, wenye kucha nyeusi kwa udongo, ukapita kando ya sahani ukiwa na kipande cha mkate, ukachovya rojo, ukarudi.

Hapa, enyi wasikilizaji, ndipo ushujaa ulipopimwa. Maana kila kilichokuwa ndani ya Stamena kiliinuka kwa mpigo mmoja: "Kula, mama! Ongeza! Pumbavu mimi, nikuletee bakuli?" Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Majemadari wamezuia farasi elfu kwa shida ndogo kuliko aliyoipata yeye kuyazuia. Lakini aliyazuia. Akatazama sahani yake, akaisogeza kidogo, kama kwa bahati tu, akaendelea kutafuna. Mtoto akapanda kitini, akala nusu ya hoho.

Jumapili Biserka akaingia na mabegi na macho ya mkaguzi. Akambusu mtoto, akamshika mbavu, akazihesabu kwa vidole. Kisha, kama mkwe aliyelelewa vyema, akaenda moja kwa moja kusimama jikoni.

"Biserka," akasema Stamena, ambaye tayari alikuwa mezani. "Keti, mwanangu. Chakula kinapoa."

"Mama, unaumwa?"

"Nina njaa. Keti."

Biserka akaketi, taratibu, kama anayehofia kiti kitalia. Kosara hakumtazama mtu, alikuwa anapigania rojo katika sahani ya bibi yake.

"Chumvi," akasema Blagoje kutoka mwisho wa meza, akanyoosha mkono bila kugeuka, kama alivyofanya maisha yake yote.

Hakuna aliyeinuka. Mkono ukabaki hewani. Akawatazama wanawake wale watatu, wote wameketi, wote wanakula, na akaelewa kwamba ulimwengu umebadilika bila yeye kuulizwa. Akainuka kwa miguu yake mwenyewe, akaenda kabatini, akaanza kufungua milango yote, kwa kuwa hakujua chumvi ya nyumba yake inakaa wapi.

"Chini, kulia," akasema Kosara, mdomo umejaa.

Biserka akacheka mpaka akaegemea meza. Akamwangalia mwanawe mwenye rojo hadi masikioni, akamwangalia mama mkwe wake, na sauti ikamlegea.

"Mama, kambi ya nini? Mwakani namleta shule ikifungwa tu. Ukae naye msimu mzima."

Nje, Radojka alikuwa keshatangaza kijijini kwamba kichitsa imeshinda. Na iandikwe basi katika vitabu vya mataifa, juu ya mikataba na mapinduzi, kwamba huko Donji Vrelac mtoto alikula nusu ya hoho kwa hiari yake na mzee alijiletea chumvi. Stamena mwenyewe, mshindi wa siku ile, hakutoa hotuba. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mdomo ulikuwa umejaa, akamshika mkwewe mkono, akaendelea kutafuna.