Kaka Yangu Asipewe Uprofesa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kupandisha Vyeo,
Idara ya Historia.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini hamjambo hapo idarani. Sisi huku hatujambo kidogo tu. Nasikia mnataka kumpa kaka yangu uprofesa. Kwa heshima zote, naomba mghairi. Nyinyi mnamwona kazini, amevaa tai. Sisi tunaishi naye.

Alianza vizuri. Udaktari aliupata kwa kuandika historia ya mitaro ya maji machafu ya mji huu, na tulimpigia vigelegele ingawa hakuna aliyemaliza ukurasa wa kwanza. Tangu hapo nyumbani hakukaliki.

1. Soga zimekwisha. Mama akisema, "Enzi zetu watoto walikuwa na adabu," kaka anaweka kijiko chini: "Chanzo chako ni kipi, Mama?" Chanzo ni yeye, aliyemzaa!

2. Kwenye msiba wa babu, baba mdogo alisimama akasema marehemu alikuwa mshauri wa chifu. Kaka akanyoosha mkono, msibani, akasahihisha: babu alikuwa akimbebea chifu kiti. Baba mdogo hajakanyaga kwetu tena, na katika ukoo mzima ni yeye tu mwenye gari.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mchumba wangu alikuja kujitambulisha, kapiga suti, ananukia. Kaka akamwekea kinasa sauti mezani.

"Baada ya kumaliza chuo, kabla hujakutana na dada, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nahangaika na maisha, shemeji."

"Pamoja na nani?"

Mchumba akaomba kutoka nje apokee simu. Simu yenyewe aliiacha kwenye kochi. Hajarudi.

Mheshimiwa, huyo ni mhadhiri tu. Akiwa profesa si atanizeesha hapa hapa sebuleni? Mpeni hata bustani ya chuo aipalilie, lakini cheo, hapana.

Nisalimie wahadhiri wote, na yule dada wa mapokezi anayejua kucheka.

Ni mimi mwenye uchungu,
Dada yake wa pekee

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, amebisha hodi mama mjamzito, mtoto mgongoni, anamtafuta mumewe. Mume mwenyewe, kwa picha aliyotuonyesha, ndiye mchumba wangu. Tumelia sote wawili. Kaka hakusema "nilikwambia". Alimvutia kiti, akamwuliza kama amekula.

Mpeni uprofesa. Ikiwezekana kabla ya Jumamosi, maana kuna mwingine anakuja kujitambulisha, na huyu anasema kwao ni ukoo wa kifalme.