Forodha ya Pangoni

Jumatatu, 3 Machi 2025

Griffins, mwenye duka la michezo ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, amekuja kwenye duka langu la intaneti na kulicheka Pango, mchezo wangu wa kompyuta, mbele ya wateja. Eti mchezo gani hauna picha, kazi ni kusoma tu na kuandika "nenda kaskazini". Nikamweleza kwamba michezo yote anayoringia, ile ya watu kupigana pamoja mtandaoni, babu yao ni wa aina hii. Wanafunzi wawili Uingereza walimzaa miaka ya sabini, kwa maneno matupu. Akauliza kama kompyuta walizotumia ndizo hizi zangu. Wivu!

Jumanne, 4 Machi

Nimejenga forodha katikati ya Pango. Anayepita na hazina analipa ushuru kwangu, Mchawi Mkuu. Kufika mchana wote wanapita njia ya panya, kupitia kisima nilichosahau kukifunga. Watu wa Busia, magendo yako damuni! Anayewaongoza anajiita Kambare. Namshuku Griffins.

Alhamisi, 6 Machi

Hatari. Kanuni ya wale waasisi wa Uingereza inasema anayejaza alama naye anakuwa mchawi, nguvu sawa na zangu. Kambare amebakiza kidogo. Ataligeuza Pango tawi la Griffins!

Nimemlalamikia Maggie wa Bulumbi. Nimemwomba tuoane, bado hajajibu. Huja kila siku kutumia kompyuta ya dirishani, anasema anasoma habari. Akauliza kama huenda Kambare anataka tu kuwa karibu nami. Maggie haelewi vita. Jibu langu ameahidi kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda! Kambare amekuja forodhani mwenyewe, bila silaha, akaandika kwamba ana neno la siri kwa Mchawi Mkuu. Neno la siri! Nikamfungulia joka kabla hajamaliza. Kwenye Pango aliyekufa amekufa, alama zote zimepotea.

Kiti cha dirishani kikasukumwa. Maggie alikuwa amesimama.

"Oundo, nilikuwa nakuandikia ndiyo," alisema. "Sasa oa joka lako."

Akaondoka. Sijala tangu hapo. Nimeumia kweli.

Jumapili, 9 Machi

Ameingia mgeni Pangoni, anajiita Ngege, samaki mwingine. Kisima kiko wazi, yeye kapita forodhani na kulipa ushuru bila ubishi. Mtu wa Busia? Kisha akauliza kama Mchawi Mkuu amekula, na kama amejuta. Nani anataka kujua chakula changu? Griffins huyu, kwa jina jipya.

Nimemwambia kwa adabu asubiri hapo hapo. Safari hii nafungua majoka mawili.