Kasi ya Mheshimiwa Mkurugenzi

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Mwendo na Muda ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hiyo kila kitu kiendacho katika maabara za shule kitakwenda kwa kasi zaidi. Vigari, gololi na mawe yaning'iniayo kwenye uzi vilipewa wiki moja kujirekebisha. Maabara itakayozorota ingegeuzwa chumba cha mapumziko cha maofisa wanaochoshwa na ukaguzi. Na mtumishi atakayekutwa mzito, awe nani awe nani, angevuliwa cheo siku hiyohiyo. Lilikuwa agizo la busara kabisa.

Mwalimu wa fizikia, ambaye wanafunzi walimwita Sekunde kwa jinsi alivyochukia kuchelewa, alilisoma mara mbili. Maabara ile aliijenga kwa kuombaomba. Meza zilitoka kwa seremala aliyekuwa akizitupa, na kimashine cha kugonga nukta kwenye utepe wa karatasi alikiunda mwenyewe kutokana na kengele ya mlango iliyokufa. Mkewe aliiita maabara hiyo "mke mwenzangu", na hakuwa akitania sana.

Mkurugenzi wa Idara alifika na Naibu wake, mtu mpole aliyebeba mhuri. Sekunde akafunga utepe nyuma ya kigari, akakiachia kwenye ubao ulioinama. Kigari kikashuka mbio, kimashine kikagonga, na utepe ukatoka na nukta zilizoachana vizuri. Mwalimu akaeleza kwamba kimashine hugonga kwa vipindi sawa, kwa hiyo nukta zikiachana, ndiyo kasi yenyewe.

Mkurugenzi aliuinua utepe dirishani, akasikitika.

"Mwalimu, mbona nukta chache? Hapa katikati pote hakuna kilichofanyika."

Sekunde alifungua mdomo. Mwalimu Mkuu, mama aliyekwishaona wakaguzi wa kila namna, akamkanyaga mguu na kumnong'oneza, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite."

Basi Mkurugenzi akaongeza kifungu kwenye agizo papo hapo: kasi ni msongamano wa nukta. Akasaini, Naibu akagonga mhuri. Sekunde akapiga moyo konde, akafunga utepe mpya, akawasha kimashine na kukishikilia kigari kisiende popote. Nukta zikalundikana mahali pamoja hadi karatasi ikatoboka. Mkurugenzi alipiga makofi. Hajapata kuona, alisema, kigari chenye bidii namna ile, na akaagiza kwamba maabara isiguswe na mtu. Sekunde nusura alie kwa furaha, na kwa aibu kidogo.

Mambo yangeishia hapo, kila mtu angekwenda zake kwa amani. Lakini mkubwa akishafurahi hataki kubaki mtazamaji. Mkurugenzi akataka apimwe yeye, ili wananchi wajue wanaongozwa kwa kasi gani. Bunda zima la utepe likapitishwa kwenye kimashine, ncha yake ikafungwa kwenye koti lake. Akatoka mbio mlangoni, akaukata uwanja tumbo mbele, wanafunzi wakimshangilia kwa moyo mweupe, akasimama kwenye mlingoti wa bendera akihema.

Naibu akaufuata utepe toka maabara hadi uwanjani, akiukagua taratibu.

"Mheshimiwa, nasikitika. Nukta zako ziko mbalimbali mno. Kwa kifungu kipya, wewe ni mzito kuliko kigari. Na agizo linasema siku hiyohiyo."

Mkurugenzi alimgeukia Sekunde na kumuuliza, kwa sauti ya mwanafunzi aliyesahau kitabu, afanyeje sasa. Sekunde alimwonea huruma kweli. Akamshauri asimame tuli hapohapo, utepe ukiwa mgongoni, nukta zilundikane na kasi ipande.

Akasimama. Kasi ikaanza kupanda, na jua nalo likapanda.

"Nitasimama mpaka lini?" aliuliza, midomo haichezi.

"Mpaka kifungu kifutwe, Mheshimiwa," alisema Sekunde.

"Na wa kukifuta ni nani?"

"Mkurugenzi peke yake," alijibu Naibu, "tena akiwa ameketi ofisini kwake." Akamwashiria dereva alete gari. "Lakini usihangaike, Mheshimiwa. Nitakwenda kuketi mimi."

Gari likaondoka polepole langoni. Mkurugenzi hakuthubutu hata kugeuza shingo kulitazama.