Difu Iliyotoka Tambarare

Jumamosi, 5 Julai

Mdogo wangu Aroni, pokea salamu za upendo kutoka hapa Kibeta. Hali yako? Na ule mgongo, umekuachia? Sisi wazima, Bwana ni mwema. Ulisema nikuandikie kila siku jinsi difu yako inavyokwenda. Nimenunua daftari. Nikimaliza nalituma kwa basi.

Difu ilifika juzi ndani ya gunia. Fundi Zahoro ameifunga leo asubuhi kwenye ekseli ya nyuma ya lori langu, huku akiguna. Anasema difu yangu ya zamani ni ya mlima: propela, ule mtaimbo unaotoka kwenye injini, inazunguka mara sita ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Hii yako ya huko Singida inataka mara nne tu. Kwa hiyo injini inakwenda taratibu na kunywa kidogo. Lakini hiyo ni kwa barabara ya tambarare, anasema. Ukipanda na mzigo nguvu hakuna. Utashuka gia mpaka ya kwanza, na injini itapiga kelele na kunywa kuliko ng'ombe.

Nimemsikiliza kwa heshima. Zahoro hajui mpango wangu.

Chama chetu cha wakulima wa kahawa kinataka lori moja msimu huu, siyo mawili. Langu au la Mzee Rugaibula. Litakalotumia dizeli kidogo ndilo litabaki. Na kahawa yetu inatoka Kamachumu, juu kabisa. Kahawa haipandi, Aroni. Kahawa inashuka! Nitapanda mtupu, nitashuka na mzigo, mlima wenyewe ukinisukuma. Difu ya mlima ya nini?

Mchana nimelijaribu, lori tupu, mpaka Muleba mjini na kurudi. Nimeokoa lita tano kuliko zamani. Nimepiga magoti palepale uani nikashukuru. Shemeji yako Magdalena ameniuliza mbona nasali kwenye oili na suruali ya kanisani.

Difu ya zamani nimeiweka chini ya mgomba.

Jumapili, 6 Julai

Zile lita tano nimezitoa shukrani. Dumu la njano, nimelifunga utepe, nikaliweka mbele kati ya mikungu ya ndizi na kuku. Nikatoa na ushuhuda. Niliwaeleza washarika habari za propela, mara sita na mara nne. Mchungaji akasema sadaka ya kweli haipotei. Ningeendelea, lakini kwaya ilianza kuimba kabla sijamaliza. Aliyeanzisha wimbo ni Rugaibula.

Kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, nani kanunua dumu langu? Rugaibula. Mzee wa kanisa mwenzangu! Amelibeba kwa mkono mmoja, akaniombea baraka. Nimeitikia amina. Kwa mdomo.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Mkutano wa chama. Katibu wetu, Mama Adventina, alitangaza kwamba Jumatano malori yote mawili yataondoka hapa Kibeta kwenda Kamachumu. Matangi yatanyonywa yakauke, kisha kila lori litapimiwa lita arobaini. Atakayerudi na nyingi ndiye mwenye kazi. Rugaibula alilalamika kuwa arobaini zinabana.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema mimi nipewe ishirini na tano.

Makofi, Aroni! Mzee mmoja alinipa kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili, kama mkwe.

Kumbe Mama Adventina hakuwa amemaliza. Akasema haina maana malori kupanda matupu. Yatapanda na saruji ya ghala jipya. Mifuko mia mbili kila moja.

Nikakaa.

Nyumbani Magdalena alinishauri taratibu. Kesho siku nzima ni yangu: Zahoro arudishe difu ya mlima, na mimi nirudi kwa Mama Adventina nikaseme nimekosea. Ushauri mzuri. Lakini makofi yalikwisha kupigwa. Unayarudishaje makofi?

Nikiikosa kazi hii lori litalala uani mpaka msimu ujao, na mimi nitakwenda kulima kibanja cha wakwe kule Rubafu. Magdalena ameshanunua jembe. Anasema ni la akiba.

Jumatano, 9 Julai

Naandika mikono ikiwa na saruji.

Mpaka Muhutwe nilikuwa mbele. Injini inanong'ona. Nilimpungia Rugaibula mkono, Mungu anisamehe.

Kisha mlima. Gia ya tatu. Ya pili. Ya kwanza. Lori likatetemeka kama mwenye malaria, likasimama. Klachi ikatoa harufu. Nikarudi nyuma polepole, nikaomba, nikajaribu tena. Mara tatu. Mama mmoja mwenye mkungu kichwani alinipita akipanda, akanisalimia. Baadaye alishuka bila mkungu, akanisalimia tena.

Mara ya nne injini ikakohoa. Dizeli imekwisha.

Rugaibula alinikuta nimekaa kwenye jiwe nililokingia gurudumu. Niliogopa atacheka. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alifungua mlango wake, akashusha dumu la njano. Utepe wangu bado uko shingoni mwa dumu.

"Mchungaji alisema sadaka haipotei," akasema. "Fungua tanki, mzee mwenzangu."

Tukamimina zote tano. Lori likawaka. Halikupanda. Basi Rugaibula akapeleka saruji yake juu, akashusha, akanirudia, tukahamishia mifuko mia moja na ishirini kwenye lori lake. Na iliyobaki nikapanda nayo nyuma yake, kwa gia ya kwanza, mwendo wa maandamano ya mazishi. Juu ilibidi niazime lita sita nyingine za kushukia.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Adventina amesoma matokeo. Rugaibula alibakiza lita mbili, ingawa amepanda mlima mara mbili. Mimi sikubakiza kitu, na nina deni la lita kumi na moja. Ameuliza kama nina neno. Nilikuwa nalo, lakini hakuna aliyepiga makofi.

Rugaibula alinisindikiza mpaka nje. Amesema Zahoro akinirudishia difu ya mlima, atamwomba katibu anigawie safari mbili kwa wiki. Machozi yalinilenga. Nimemwambia nitaifunga kesho.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa Rubafu, kibanjani kwa wakwe. Jembe ni zuri.

Jana nilikwenda kuichukua difu ya mlima chini ya mgomba. Kuku ameatamia juu yake, mayai tisa. Nikasema nisimsumbue kiumbe wa Mungu. Nikakaa pembeni, nikafikiri. Difu yako haina kosa, Aroni. Kosa ni matairi. Madogo! Nikifunga makubwa, kila gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na injini itazunguka kidogo kuliko hata sasa. Itakunywa kidogo kabisa! Nimemweleza Zahoro. Alifuta mikono, akaenda kula, hajarudi.

Rugaibula sijamwambia. Nataka ashangae.

Nasikia matairi makubwa ya zamani yanapatikana huko kwenu. Tafadhali ulizia manne ya nyuma, na unijibu upesi, kabla mayai hayajaanguliwa.

Kaka yako, Mugisha